Nimeletewa mkataba wa kulima “bangi ya dawa” Ileje: je, niusaini?

“Shikamoo wakili. Mimi ni mkulima wa kahawa na maharage wilayani Ileje, si mbali na Isongole. Marehemu baba alituachia ekari nne zenye hati ya kimila kwa jina langu na la mdogo wangu wa kiume. Mwezi uliopita mdogo wangu alirudi kutoka Chitipa, upande wa Malawi, akiwa na wakala wa kampuni inayotafuta wakulima wa bangi ya dawa na ya nyuzi, ile wanayoiita hempi. Wakala anasema Malawi na Zambia wamesharuhusu, Ujerumani wamesharuhusu na wanunuzi wa huko wanasubiri mzigo, na kwamba aina hii hailevyi, kwa hiyo sheria yetu haiihusu. Ada ni shilingi 600,000 kwa ekari. Tumeshatoa 300,000 za usajili na mdogo wangu amepewa pakiti mbili za mbegu. Mimi nasita. Yeye anasema kama naogopa kulima, nimkodishe wakala shamba tu, jina langu lisionekane. Tena mama yetu ana saratani na anateseka kwa maumivu, na wakala ameahidi kumletea chupa ya mafuta ya mmea huo. Nakutumia picha za mkataba, kurasa sita. Je, nisaini? Nikikodisha nitakuwa salama? Na je, ni kweli sheria iko njiani kubadilika?”

Marahaba, dada yangu, na pole sana kwa kuuguza. Nimezisoma kurasa zote sita, ile ya nne zaidi ya mara moja, na nimeondoa katika swali lako kila jambo ambalo lingeweza kukutambulisha. Kwa kuwa huenda wakala akarudi kabla hujamaliza kusoma, naanza na jibu lenyewe: usisaini, usikodishe, usiongeze hata shilingi moja, na mbegu hizo zisiguse udongo. Sasa nieleze sababu, maana mdogo wako hatatulizwa na neno “hairuhusiwi” peke yake, na wala hastahili kutulizwa hivyo. Ni kijana anayetafuta kipato mahali ambapo kahawa humlipa mkulima mara moja tu kwa mwaka. Mengi aliyoambiwa yana punje ya ukweli ndani yake, na hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo.

Tuanze na sheria ya nchi yetu. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1995 na kuanzisha Mamlaka ya kupambana na dawa hizo, ambayo wengi wanaijua kwa kifupi cha DCEA. Sheria hiyo ilirekebishwa na kukazwa mwaka 2017. Ndani yake bangi imo katika mimea iliyokatazwa, pamoja na mirungi, mkoka unaotoa kokeini na mpopi unaotoa afyuni. Kulima mmea uliokatazwa ni kosa linalojitegemea, lisilosubiri mtu avune, auze wala avute, na kifungo chake kinafika miaka 30. Kusafirisha ni kosa jingine, tena neno “kusafirisha” katika sheria hii limetanuliwa likachukua mambo ambayo mtu wa kawaida asingeyaita safari, kama kuhifadhi au kukabidhi mzigo. Kwa viwango vikubwa adhabu hufika kifungo cha maisha, na mshtakiwa hukaa mahabusu bila dhamana muda wote kesi inaposikilizwa.

Hoja ya wakala kwamba “hii hailevyi” inahitaji maelezo ya taratibu, kwa sababu ndiyo inayowanasa watu wenye akili timamu kabisa. Mmea wa bangi una kemikali nyingi, na mbili kati yake ndizo zinazotajwa sana. Ya kwanza huitwa kwa kifupi THC, na ndiyo inayolevya. Ya pili huitwa CBD, nayo hailevyi. Hempi si mmea mwingine. Ni bangi ileile, iliyochaguliwa na kuzalishwa vizazi kwa vizazi hadi THC yake ikawa kidogo mno na shina lake likawa refu, lenye nyuzi nzuri. Marekani, kupitia sheria yao ya kilimo ya mwaka 2018, waliweka mpaka wa asilimia 0.3 ya THC kwa uzito mkavu: chini ya hapo ni hempi na zao halali la shambani, juu ya hapo ni bangi. Umoja wa Ulaya nao unatumia kiwango hichohicho kwa mkulima wa hempi. Kwa hiyo kinachotenganisha hempi na bangi katika nchi hizo ni namba iliyoandikwa ndani ya sheria na kuthibitishwa na maabara. Kwa jicho, majani yanafanana.

Sheria yetu haina namba hiyo. Imekataza mmea wa jamii ya bangi, basi. Mtaalamu wa Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali anapoletewa sampuli, awe Mbeya au kwingineko, swali linalomhusu ni kama mmea ule ni bangi, na kwa hempi jibu la kweli ni ndiyo. Utetezi wa kwamba THC ni asilimia 0.2 unaweza kumfanya hakimu akuonee huruma, lakini haukutoi katika kosa. Na hata katika nchi zenye namba, mkulima hayuko salama kwa sababu tu aliambiwa mbegu ni nzuri, kwani kiwango cha THC hupanda kadiri ua linavyokomaa na hutofautiana kwa mbegu na kwa siku ya kuvuna. Marekani mkulima ambaye zao lake limepita kiwango hulazimika kuliharibu au kulirekebisha chini ya usimamizi, ingawa alinunua mbegu yenye cheti na alilima kwa nia njema. Pakiti mbili alizopewa mdogo wako, kwa maelezo yako mwenyewe, hazina hata jina la mzalishaji.

Kuhusu majirani, wakala amesema kweli nusu. Malawi ilipitisha sheria yake ya bangi mwaka 2020 na kuunda mamlaka ya kutoa leseni kwa ajili ya dawa na viwanda. Nchi hiyo imeegemea tumbaku kwa miaka mingi, na ilikuwa ikitafuta zao la kuisaidia. Zambia ilipitisha sheria zake mwaka 2021. Lesotho ilikuwa ya kwanza Afrika kutoa leseni za kibiashara, mwaka 2017, na Zimbabwe ikafuata kwa kanuni za mwaka 2018. Lakini hakuna hata moja kati ya nchi hizo iliyosema kwamba kila mwenye jembe alime. Zilichosema ni kwamba mwenye leseni alime, mahali palipotajwa katika leseni, kwa kiasi kilichotajwa, chini ya ukaguzi. Asiye na leseni huko Chitipa, akikutwa na bangi shambani, ana kesi kama ambavyo angekuwa nayo upande wetu, hapo Itumba.

Tena sheria ya jirani haivuki mto Songwe kwa sababu watu wanavuka. Sisi Watanzania tunalijua hili vizuri kupitia mirungi. Kule Meru, Kenya, mirungi ni zao la biashara linalosomesha watoto, na mkulima wake anatambuliwa na serikali yake. Mzigo uleule ukivuka Namanga unageuka dawa ya kulevya na aliyeubeba anageuka mtuhumiwa. Mmea haukubadilika njiani. Uhalali wake ulikuwa umefungwa kwenye mipaka ya nchi iliyoutoa. Kwa hiyo wakala akikuonyesha leseni ya Malawi, hata ikiwa ya kweli, ujue kwamba Isongole leseni hiyo ni karatasi tu.

Sasa twende Ujerumani, maana hapo ndipo ahadi yote ilipotundikwa. Sheria iliyoanza kutumika huko tarehe 1 Aprili 2024 inamruhusu mtu mzima kubeba hadi gramu 25 na kupanda miche mitatu nyumbani, na inaruhusu vyama vya wanachama kulima kwa ajili ya wanachama wao. Haikufungua maduka ya kununua bangi kutoka kwa wakulima wa nje. Bangi inayoingia Ujerumani kutoka nje kihalali ni ya dawa, na njia yake imepangwa na Mkataba Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa Dawa za Kulevya wa mwaka 1961, ambao Tanzania nayo imejiunga nao. Mkataba huo unaruhusu matumizi ya kitabibu na kisayansi, na masharti yake ni makali. Nchi inayotaka kuruhusu kilimo cha bangi ya dawa lazima iwe na chombo cha serikali kinachotoa leseni na kuyasimamia mavuno yote. Nchi inayonunua hutoa kibali cha kuingiza, nchi inayouza hutoa kibali cha kutoa, na vibali hivyo viwili hulinganishwa kwa kila shehena moja. Juu yake kuna Bodi ya Kimataifa ya Udhibiti wa Dawa za Kulevya iliyopo Vienna, inayopokea makadirio ya mahitaji ya kila nchi. Vuta picha ya gunia limetoka shambani kwako Ileje: nani Tanzania angesaini kibali cha kulitoa nje? Hakuna. Na bila saini hiyo, hakuna mnunuzi halali wa Ujerumani anayeweza kulipokea hata akilitamani, kwa sababu angekuwa anavunja sheria ya kwao. Mnunuzi pekee anayeweza kulichukua ni yule asiyehitaji kibali, na huyo, dada yangu, ni mlanguzi.

Pengine mtu atakutajia kura ya Desemba 2020, ambapo Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya iliiondoa bangi katika Jedwali la Nne la mkataba huo kwa kura 27 dhidi ya 25. Kura hiyo ilikuwa na uzito wake, kwa maana Jedwali la Nne ni la dawa zinazohesabiwa kuwa hatari mno na zisizo na faida kubwa ya tiba. Lakini bangi ilibaki Jedwali la Kwanza, pamoja na morfini, na udhibiti wote niliokueleza uko palepale.

Nirudi kwenye mkataba wako. Ukurasa wa kwanza una nembo nzuri na jina la kampuni, ila hauna namba ya usajili, hauna anwani ya ofisi, na muhuri umepigwa ukafifia kiasi kwamba nimeshindwa kusoma mji. Kuna namba mbili za simu tu. Ukurasa wa tatu unasema mkulima atalipwa “kwa bei ya soko la kimataifa”, bila kusema bei hiyo inatoka wapi, wala nani atapima daraja la mavuno. Ukurasa wa nne, kipengele cha tisa, kwa herufi ndogo kuliko nyingine, unasema hivi: “Mkulima atawajibika kupata na kudumisha vibali vyote vinavyohitajika na mamlaka za nchi husika.” Kisome taratibu pamoja na mdogo wako. Kampuni inayodai ina ruhusa imeandika, kwa mkono wake, kwamba ruhusa si kazi yake. Siku askari watakapofika shambani, karatasi hiyo haitakukinga. Itaonyesha kwamba ulikubali kwa saini yako kuubeba mzigo wote.

Linganisha na mkulima wa tumbaku kule Chunya. Yule amesajiliwa, ana chama chake cha msingi, mkataba wake uko chini ya macho ya Bodi ya Tumbaku, na daraja la jani lake hupangwa mbele yake. Ana malalamiko yake, tena mengi ya haki, lakini akidhulumiwa ana mlango wa kugonga. Wewe hutakuwa na mlango. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinabatilisha makubaliano yoyote ambayo lengo lake limekatazwa na sheria, kwa hiyo kampuni ikichukua mavuno isikulipe, mahakama haitakusikiliza kama mdai. Itataka kujua kwanza ulikuwa unalima nini.

Kuhusu kukodisha, naomba unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine pote, kwa sababu naona ndipo unapoelekea kutulia. Sheria ya mwaka 2015 haikumgusa mwenye jembe peke yake. Mmiliki, mkaaji au msimamizi wa ardhi anayeruhusu ardhi hiyo itumike kulimia mmea uliokatazwa naye anatenda kosa. Neno linalobeba uzito hapo ni “anayeruhusu”. Mtu ambaye kweli hakujua ana la kujitetea. Wewe unajua, umekaa na wakala, umesoma mkataba, umeziona mbegu. Jina lako liko kwenye hati ya kimila, na rejesta ya ardhi iko ofisi ya kijiji, kwa hiyo hilo la “jina lisionekane” haliwezekani tangu mwanzo.

Miaka kadhaa iliyopita nilimtetea mzee mmoja wa milimani aliyekuwa amemkodisha kijana kipande cha shamba kwa maneno matupu, bila karatasi, kwa fedha taslimu. Nakumbuka asubuhi ambayo kielelezo kilifunguliwa mahakamani. Bahasha ya kaki iliyofungwa kwa lakiri nyekundu ilikatwa kwa wembe mbele ya hakimu, majani makavu yakamwagika kwenye karatasi, na harufu ikajaa chumba. Kisha mwendesha mashtaka akamuuliza mzee kama shamba lile ni lake. Mzee alinyoosha mgongo akajibu, kwa fahari ya mtu aliyerithi, “Ndiyo, ni langu, na kabla yangu lilikuwa la babu.” Fahari ile ndiyo iliyojaza pengo ambalo upande wa mashtaka ulikuwa unahangaika nalo tangu kesi ianze. Baada ya hapo kazi yetu yote ikawa kuthibitisha kwamba hakujua kilichopandwa, na kuthibitisha kutokujua ni kazi ngumu kwa mtu anayeishi hatua mia mbili kutoka shambani. Kijana aliyekodi hakuonekana tena.

Wakala pia amekuambia kwamba “ofisi ya kijiji inafahamu”. Huenda alikwenda kweli akasalimia na kusaini kitabu cha wageni. Mtendaji wa kijiji hana mamlaka ya kuruhusu zao lililokatazwa na sheria ya Bunge, wala mkutano wa kijiji hauna, wala mkuu wa wilaya hana. Na ikiwa kampuni ni ya wageni, kuna kizuizi kingine cha ardhi yenyewe: chini ya sheria za ardhi za mwaka 1999 mgeni hapati ardhi ya kijiji kwa kukubaliana na familia moja sebuleni.

Jambo la fedha nitaligusa kwa kifupi. Hata malipo yangefika, yangekuwa ni mazao ya uhalifu, na Sheria ya Kuzuia Utakasishaji wa Fedha Haramu ya mwaka 2006 inazitaka benki kutoa taarifa za miamala inayotia shaka. Marekani, ambako majimbo mengi yameruhusu bangi lakini sheria ya shirikisho haijaruhusu, benki nyingi bado hukwepa biashara hiyo, na maduka yenye leseni halali za majimbo yamelazimika kuhifadhi fedha taslimu kwa masanduku. Kama wenye leseni wanapata taabu hiyo, fikiria asiye nayo.

Sasa mama. Hapa sitajibu kama wakili peke yake, maana nami nimeuguza mzazi. Chupa ya mafuta inayovushwa mpakani, hata ikiwa na lebo ya CBD, kisheria inatokana na mmea uliokatazwa, na aliyeibeba ndiye atakayeulizwa. Lakini hata tungeiweka sheria kando, chupa isiyo na kipimo haina uhakika wa kilichomo: inaweza kuwa mafuta ya kupikia, inaweza kuwa na THC ya kumchanganya mgonjwa aliyedhoofika. Kitabibu, ushahidi wa dawa zitokanazo na bangi una nguvu katika maeneo machache. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya CBD kwa aina fulani nadra za kifafa cha watoto, na zipo dawa za jamii hiyo kwa kichefuchefu cha tiba ya saratani. Kwa maumivu ya saratani yenyewe ushahidi bado ni dhaifu. Dawa inayotegemewa kwa maumivu makali ya saratani, na ambayo Shirika la Afya Duniani limeipendekeza kwa miongo mingi, ni morfini, na hapa nchini hutolewa kwa mgonjwa kama dawa ya kunywa, chini ya udhibiti wa daktari.

Tazama jinsi hili linavyoangaza swali lako lote. Morfini inatoka kwenye mpopi, mmea uliokatazwa katika sheria ileile inayokataza bangi. Hakuna anayekamatwa kwa sababu ya morfini ya mama yake, kwa kuwa ilipita njia yenye kibali katika kila hatua, tangu shamba la nchi nyingine hadi dirisha la dawa. Mpeleke mama Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, au anza na hospitali ya wilaya wakupe rufaa, na utumie maneno haya: naomba huduma ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu. Mwambie daktari maumivu yanamwamsha saa ngapi usiku na dawa gani zimeshindwa. Wagonjwa wetu wengi hunyamaza kwa heshima, na anayenyamaza huandikiwa panadoli.

Umeniuliza kama sheria itabadilika. Sitakudanganya kwamba mjadala haupo. Wabunge wamewahi kulizungumza bungeni, na majirani wanapochukua leseni kila mwaka swali hilo haliwezi kuzikwa. Mimi binafsi naamini nchi yetu inapaswa kulijadili kwa utulivu, hasa hempi ya nyuzi, kwa kuwa Mkataba wa 1961 wenyewe unaeleza kwamba hauhusiki na kilimo cha bangi kwa ajili ya nyuzi na mbegu za viwandani tu. Lakini wanaopinga nao si wajinga. Wanauliza nani atakayezuia mavuno kuvuja kwenda kwa vijana, na kwa maabara zipi tutapima kila shamba. Maswali hayo yanahitaji majibu ya fedha na watu, na ahadi tupu hazitoshi.

Hofu yangu kubwa iko kwingine. Zimbabwe ilipofungua mlango mwaka 2018, ada ya leseni iliwekwa dola 50,000, ambazo kwetu ni zaidi ya shilingi milioni 100. Kwa bangi ya dawa kuna uzio, walinzi, vyumba vya kukaushia vyenye hewa inayodhibitiwa, na cheti cha viwango vya utengenezaji wa dawa ambacho Ulaya inakitaka. Kampuni ya Lesotho ilikipata mwaka 2021, ikiwa na mtaji ambao chama cha msingi cha Ileje hakiwezi hata kukopeshwa. Na soko lenyewe si la asali. Baada ya sheria ya 2018 wakulima wa Marekani walikimbilia hempi ya CBD kwa wingi, na ndani ya muda mfupi bei zikaporomoka, wengi wakabaki na mavuno ghalani. Kwa hiyo hata siku Bunge likibadili sheria, mkulima mdogo wa Nyanda za Juu Kusini hataingia humo kwa sababu alitangulia kulima. Ataingia tu ikiwa sheria itamtengea nafasi kwa makusudi, kupitia vyama vya ushirika na ada anayoimudu. Hilo ndilo la kumwambia mbunge wako. Na aliyekwisha kutiwa hatiani kwa kulima kabla ya wakati atakuwa wa mwisho kupewa leseni.

Siku hiyo ikifika utaitambua kwa alama ambazo hazihitaji wakili. Sheria itatangazwa katika Gazeti la Serikali na kutajwa kwa jina na mwaka. Mbegu zitakuwa na cheti cha taasisi ya mbegu na kibali cha mamlaka ya afya ya mimea kama zimetoka nje. Leseni itakuwa na jina la mwenye shamba na eneo la shamba. Anayekuambia “inakuja, tangulieni” anakuuzia tarehe ambayo hana.

Limebaki la kufanya, na hili si la kumaliza kwa maandishi. Mdogo wako aonane na wakili ana kwa ana wiki hii, kabla ya kuzungumza tena na wakala na kabla ya kwenda kituo chochote. Sababu ni zile pakiti. Asizipande, asizigawe, asizirudishe kwa kuvuka nazo mpaka, na asizitupe kwa siri; namna ya kuzikabidhi kwa DCEA, ambayo ina ofisi ya kanda Mbeya, ipangwe na wakili atakayekuwa naye, ili hatua yake ya hiari iandikwe kuwa ya hiari. Zile 300,000 zinaweza kufuatiliwa kama fedha iliyochukuliwa kwa udanganyifu, ambalo ni kosa la jinai, lakini malalamiko hayo yatagusa mbegu pia, kwa hiyo mambo haya mawili yaandikwe kwa pamoja na mtu mmoja anayeona pande zote. Kama gharama ni kikwazo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawapa wasio na uwezo haki ya kuomba wakili bila malipo. Muulize ofisa maendeleo ya jamii wa wilaya akuelekeze kwa msajili msaidizi au kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa.

Muende na mkataba wote, kurasa zote sita hata zile tupu nyuma, na stakabadhi au ujumbe wa simu wa yale malipo ya 300,000, bila kufuta mazungumzo yoyote na wakala. Muende pia na nakala ya hati ya kimila. Na kama mama anaweza kusafiri, panga safari hiyohiyo apite hospitali asubuhi, wakili mtamwona mchana.